Vitufe vya Ukutani Vinavyoendesha Sinema ya Nyumbani

Kibao cha vitufe cha ukutani ni swichi yenye kumbukumbu. Hufungwa kwenye kisanduku kama cha swichi ya taa, karibu na mlango wa sebule au wa chumba cha kutazamia filamu, na kila kitufe hupewa kazi ambayo bila hicho ingehitaji rimoti tatu au nne: kuwasha projekta, kuamsha amplifaya, kuchagua king'amuzi au deki ya diski, kushusha skrini, kupandisha sauti. Mtu hubonyeza mara moja palipoandikwa "Filamu" na vyombo vyote huitika kwa zamu. Zamu hiyo imepangwa katika programu iliyohifadhiwa ndani ya kibao, au ndani ya kidhibiti kilichofichwa kabatini pamoja na vyombo. Programu ikiwa mbovu, vyombo vya bei kubwa havisaidii kitu.

Ugumu wa kuiandika vizuri unatokana na jambo moja: kibao husema, lakini mara nyingi hakisikii. Kinapotuma amri ya kuwasha runinga, hakijui kama runinga imewaka kweli, kama ilikuwa imewaka tangu mwanzo, au kama kuna mtu aliyekinga kihisi. Mwenye rimoti mkononi hutazama na kujirekebisha. Kibao hakina macho. Karibu kila hatua ya upangaji ni juhudi ya kuhakikisha kwamba amri ileile inaleta matokeo yaleyale kila siku, hata kama anayeituma haoni kilichotokea.

Vyombo vingi vya sebuleni bado hupokea amri kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanometa 940. Wazo la kuiamuru runinga kwa mwanga lina umri mkubwa. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa Flash-Matic, iliyobuniwa na Eugene Polley: kifaa kama tochi kilichoelekezwa kwenye pembe za runinga, kila pembe ikiwa na kazi yake. Tatizo ni kwamba jua likimulika kioo, runinga ilidhani imeamriwa. Mwaka uliofuata Zenith ilihamia kwenye mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, kwa kifaa cha Robert Adler kilichoitwa Space Command. Mwanga uliporudi baadaye, safari hii wa infraredi, ulikuja na dawa ya jua. Kijitaa cha rimoti huwaka na kuzimika kati ya mara 36,000 na 40,000 kwa sekunde, mara nyingi 38,000, na kihisi cha chombo hupuuza mwanga wowote usio na mdundo huo.

Amri yenyewe huandikwa kwa kukatakata mdundo huo. Katika itifaki ya NEC, ambayo hutumiwa na vyombo vya chapa nyingi, ujumbe huanza na mwanga wa milisekunde 9 na ukimya wa milisekunde 4.5, kisha hufuata biti 32: anwani ya chombo, kinyume cha anwani hiyo, namba ya amri, na kinyume cha namba hiyo. Vinyume huwekwa ili chombo kihakiki kuwa kimesikia sawasawa. Ujumbe mzima haufiki milisekunde 70. Kitufe kikiendelea kushikiliwa, rimoti hairudii ujumbe. Hutuma tu alama fupi isiyo na anwani wala amri, yenye maana ya "endelea na ulichoambiwa". Philips walikuwa na itifaki yao, RC-5, inayotumia kilohezi 36 na biti 14, na mojawapo ya biti hizo hugeuka kila kitufe kinapobonyezwa upya. Sony hutumia kilohezi 40, na vyombo vyake hutaka ujumbe urudiwe angalau mara tatu kabla ya kuukubali.

Haya yanaweza kuonekana kuwa mambo ya wahandisi peke yao, lakini hapa ndipo makosa mengi ya upangaji yanapozaliwa. Kibao hupata misimbo yake kwa njia mbili. Ama huichota kwenye hazina ya misimbo iliyokuja na programu yake ya kompyuta, ama hufundishwa: rimoti halisi huelekezwa kwenye kidirisha cha kupokelea, kwa umbali wa sentimita chache, kitufe hubonyezwa na kibao hunakili kilichoonekana. Kunakili ni rahisi mno, na urahisi huo hudanganya. Fundi akishikilia kitufe cha rimoti ya NEC kwa muda mrefu na kibao kikaanza kurekodi katikati, kinachonaswa ni ile alama ya "endelea" pekee. Kitufe kitaonekana kimefundishwa, lakini hakitafanya lolote. Rimoti ya Sony ikibonyezwa kwa haraka mno, nakala inayonaswa inaweza kuwa pungufu. Kwa RC-5 kasoro hujificha zaidi: biti ile inayogeuka hugandishwa ilivyo, na mtu akitaka chaneli ya 11, yaani 1 mara mbili, chombo hudhani kitufe cha 1 bado kimeshikiliwa na hupokea 1 moja tu. Dawa yake ni kutumia msimbo wa hazina, ambao huigeuza biti hiyo inavyotakiwa, au kufundisha nakala mbili za kitufe kilekile na kuzitumia kwa kupokezana.

Mazingira ya kufundishia nayo yana uzito. Betri za rimoti ziwe mpya, pazia lifungwe, na taa za kubana matumizi zilizo karibu zizimwe, kwa sababu baadhi yake hutoa mapigo ya infraredi yanayochanganyika na ya rimoti. Kila msimbo ujaribiwe papo hapo kabla ya kuhamia unaofuata. Anayefundisha misimbo hamsini na kuijaribu yote jioni hupoteza muda mwingi kuliko anayejaribu mmoja mmoja.

Hazina za misimbo nazo zina lugha yao. Rimoti ya Philips Pronto, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1990, iliandika misimbo kwa makundi ya tarakimu za msingi wa kumi na sita, na mtindo huo ukaendelea kutumiwa hata baada ya rimoti yenyewe kuondoka sokoni. Msimbo wake uliorekodiwa huanza na 0000, na kundi la pili hueleza mdundo: 006D maana yake ni takriban kilohezi 38. Fundi anayeisoma mistari hii anaweza kugundua kwa macho kwamba msimbo umenaswa kwa mdundo usio wake, kabla hata ya kuujaribu.

Kutoka kibaoni, amri husafiri kwa waya. Mpango wa kawaida ni kebo ya mtandao ya Cat 5e inayotoka ukutani hadi kabatini. Ndani yake nyaya chache hubeba umeme mdogo, kwa kawaida volti 12, na nyingine hubeba mapigo ya amri. Kabatini mapigo hufika kwenye kigawanyio, na kutoka hapo vijitaa vidogo vya infraredi, vyenye plagi ya milimita 3.5 kama ya spika za masikioni, hubandikwa juu ya kihisi cha kila chombo. Kihisi hujificha nyuma ya plastiki nyeusi na hutafutwa kwa kumulika tochi kwa mshazari. Kijitaa kikikosea kwa sentimita mbili, chombo kitatii leo na kukaidi kesho. Kamera ya simu husaidia kujua kama kijitaa kinawaka, kwa kuwa kamera nyingi, hasa za mbele, huuona mwanga wa infraredi kama zambarau hafifu.

Kwenye nyumba za matofali ya saruji, kama zilivyo nyingi za Afrika Mashariki, kazi hii inataka kuamuliwa kabla ya plasta. Bomba la plastiki lililolazwa ukutani mapema hugharimu kidogo. Kupasua ukuta uliokwisha kupakwa rangi ni kazi nyingine kabisa. Kebo ya amri isilazwe bomba moja na nyaya za umeme mkubwa, na zikilazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba. Kuna pia jambo linalowapata wanaoagiza vibao kutoka Marekani: visanduku vya ukutani vya kule ni vya mstatili, skrubu zake zikiwa juu na chini kwa umbali wa milimita 83.3, ilhali visanduku vya Kiingereza vinavyotumika Kenya, Uganda na Tanzania vina skrubu za kulia na kushoto zilizoachana milimita 60.3. Kibao hakikai. Kipunguza umeme chake nacho kikaguliwe, kwa maana kilichotengenezwa kwa volti 120 pekee hakitadumu kwenye volti 230.

Upangaji wenyewe unapoanza, swali la kwanza si kitufe kipi kifanye nini. Swali la kwanza ni la kuwasha na kuzima. Rimoti nyingi zina kitufe kimoja tu cha umeme: chombo kikiwa kimezimwa huwaka, kikiwa kimewaka huzimika. Kwa mkono wa mtu hakuna tabu. Kwa kibao ni balaa. Tuseme kitufe cha "Filamu" kinatuma amri ya umeme kwa projekta, kwa amplifaya na kwa deki. Siku ambayo mtu alishaiwasha amplifaya kwa rimoti yake ili asikilize muziki, kubonyeza "Filamu" kutawasha viwili na kuzima kimoja. Akibonyeza tena, viwili vitazimika na kimoja kitawaka. Hakuna idadi ya kubonyeza itakayovipatanisha, na hapo ndipo wenyeji wanapokata tamaa na kurudi kwenye kikapu cha rimoti.

Dawa bora ni misimbo inayotenganisha kuwasha na kuzima: mmoja huwasha tu, na ukitumwa kwa chombo kilichokwisha kuwaka hakuna kinachobadilika, mwingine huzima tu. Vyombo vingi huielewa misimbo hii ingawa rimoti zake hazina vitufe vya kuituma, na ndiyo sababu haiwezi kufundishwa kutoka kwenye rimoti. Hutafutwa kwenye hazina au kwenye nyaraka za mtengenezaji. Juhudi ya kuitafuta inalipa kuliko juhudi nyingine yoyote katika kazi hii. Isipopatikana, tabia za chombo zichunguzwe. Baadhi ya runinga na amplifaya huamka zenyewe zikiambiwa zichague ingizo fulani. Chombo cha namna hiyo kina amri ya uhakika ya kuwasha, na ya kuzima hutungwa kwa mbili: kwanza kichaguliwe ingizo, ili kiwe kimewaka kwa hakika, kisha kitumiwe amri ya umeme.

Njia ya tatu ni kukipa kidhibiti hisi. Kihisi cha mkondo huzungushwa kwenye waya wa umeme wa chombo na kupima kama kinakula umeme wa kuwaka au wa kusubiri. Runinga nyingi hutoa volti 5 kwenye tundu la USB zikiwa zimewaka tu, na kidhibiti kinaweza kulisoma tundu hilo. Amplifaya na projekta nyingi zina tundu la volti 12 lililowekwa mahususi kwa kazi ya kutoa taarifa. Programu hubadilika kutoka "tuma amri ya umeme" na kuwa "kama haijawaka, tuma amri ya umeme", na maneno hayo machache huondoa zaidi ya nusu ya lawama.

Baada ya hapo ndipo mfuatano wa amri, ambao mafundi huuita makro, unapoandikwa. Mpangilio mzuri huanza na chombo kinachochelewa kuliko vyote. Projekta ya taa huhitaji nusu dakika hadi dakika nzima kupata mwanga wake, na katika muda huo nyingi hupuuza amri yoyote. Iwashwe kwanza, skrini ishuke wakati ikipata moto, kisha amplifaya iwashwe na kupewa sekunde kadhaa kabla ya kuambiwa ichague ingizo. Amri ikifika wakati amplifaya bado inaamka, hupotea bila dalili. Muda wa kusubiri hupimwa kwa chombo halisi, kuanzia kikiwa kimepoa, kisha huongezwa sekunde moja au mbili. Picha za HDMI nazo zina ukaguzi wake: vyombo huulizana kama vinaruhusiwa kupeana picha, na kioo kinaweza kuwa cheusi kwa sekunde kadhaa. Programu isiyolijua hilo hurudia amri bure, na kuanzisha ukaguzi upya.

Kuzima kuna adabu yake. Projekta ya taa ikishaamriwa kuzima, feni huendelea kuzunguka ili kupoza taa, na umeme wa ukutani haupaswi kukatwa kabla feni haijasimama. Makro yenye swichi inayokata umeme wa kabati zima iisubiri projekta kwanza. Baadhi ya projekta huuliza kwenye skrini kama kweli mtu anataka kuzima, hivyo amri hutumwa mara mbili, na kati ya hizo hupita sekunde moja hivi. Hata mpangilio wa vyombo viwili vinavyofanana hutaka tahadhari: nyumba yenye ving'amuzi viwili vya aina moja kabatini, kimoja cha sebule na kingine cha chumbani, itajikuta vyote viwili vikibadilisha chaneli kwa pamoja. Kila kimoja kipewe kijitaa chake kwenye tundu lake la kigawanyio, na kijitaa kifunikwe kwa utepe mweusi ili mwanga usivuje.

Pale chombo kinapokubali, infraredi iachwe. Poti ya RS-232 na mtandao wa nyumba vina sifa ambayo mwanga hauna: chombo hujibu. Amplifaya za Denon, kwa mfano, hupokea maneno mafupi kupitia RS-232 kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, au kupitia mtandao kwenye poti ya 23. PWON huwasha, PWSTANDBY hulaza, na MV50 huweka sauti kwenye desibeli 30 chini ya sifuri, kwa kuwa sifuri yake ni 80. Kila neno humalizwa kwa alama ya kurudi mwanzo wa mstari. Ikiulizwa PW? hujibu kama imewaka au imelala. Mtengenezaji anaelekeza pia kwamba baada ya PWON isubiriwe sekunde moja kabla ya amri nyingine, na hilo huingia kwenye makro kama lilivyo. Umuhimu wa MV50 ni mkubwa kuliko unavyoonekana: kwa infraredi sauti hupandishwa hatua kwa hatua kutoka mahali pasipojulikana, lakini hapa huwekwa mahali pamoja kila filamu inapoanza, na watoto waliolala hawaamshwi na sauti ya mechi ya jana.

Mtandao nao una masharti. Anwani ya kila chombo ifanywe ya kudumu kwenye ruta, la sivyo siku moja itabadilika na kibao kitakuwa kinazungumza na printa. Runinga nyingi hukata mtandao zikilala mpaka mpangilio wa kubaki mtandaoni uwashwe kwenye menyu.

HDMI ina njia yake ya amri, iitwayo CEC, inayopita kwenye pini ya 13 ya kebo. Samsung huiita Anynet+ na LG huiita Simplink. Huwezesha deki inapowashwa kuiamsha runinga bila kuombwa. Ni huduma nzuri kwa nyumba isiyo na kibao, lakini ikiunganishwa na makro huleta kioja: makro huwasha deki, deki huiamsha runinga kwa CEC, kisha makro hutuma amri ya umeme kwa runinga ambayo tayari imewaka, nayo huzimika. Nyumba ichague bwana mmoja. Penye kibao kilichopangwa vyema, CEC huzimwa kwenye kila chombo.

Umeme unapokatika na kurudi, kidhibiti kinachotegemea kumbukumbu badala ya hisi hubaki na habari za zamani. Kinadhani amplifaya imewaka kumbe imelala. Kwa hiyo programu huandikiwa kipande kinachojiendesha kila umeme unaporudi: subiri dakika moja vyombo vitulie, tuma amri za kuzima zisizo na utata kwa vyote, kisha andika kwenye kumbukumbu kwamba vyote vimezimwa. Kidhibiti na ruta vikiwekwa kwenye UPS ndogo, mkatiko wa muda mfupi hauvigusi, ingawa vyombo vingine bado vitahitaji kusawazishwa.

Vitufe vyenyewe viwe vichache. Sita hadi nane vinatosha nyumba nyingi: Runinga, Filamu, Muziki, sauti juu, sauti chini, kunyamazisha, na Zima Vyote. Majina yataje anachotaka mtu, yasitaje jina la chombo. Shangazi aliyekuja kutoka shamba hajui HDMI 2 ni nini, lakini anajua kama anataka kusikiliza taarifa ya habari. Kitufe cha sauti kipangwe kurudia amri kikishikiliwa, na kile cha Zima Vyote kitake kushikiliwa kwa sekunde mbili, ili mkono unaopapasa swichi ya taa gizani usikatishe filamu. Kitufe kilichobonyezwa kionyeshe mara moja kwa taa yake kwamba kimesikia, na makro ikiwa inaendelea taa imetemete. Asiyeona dalili hubonyeza tena, na makro ya pili huingia juu ya ya kwanza. Programu nzuri huvifungia vitufe vingine mpaka mfuatano uishe.

Majaribio hufanywa kwa kuvuruga kwa makusudi. Amplifaya huwashwa kwa mkono kisha "Filamu" hubonyezwa. Katikati ya "Filamu" hubonyezwa "Runinga". Umeme wa kabati hukatwa na kurudishwa. Kila kitufe hujaribiwa vyombo vikiwa vimelala, vikiwa vimewaka, na baadhi vimewaka baadhi vimelala. Mfumo ukifika mahali pamoja kutoka kila pembe, faili la programu huhifadhiwa nje ya kompyuta ya fundi, nakala moja ikibaki kwa mwenye nyumba pamoja na mchoro wa nyaya na orodha ya misimbo. King'amuzi kikibadilishwa mwaka ujao, fundi yeyote atafungua faili hilo, atabadilisha misimbo ya king'amuzi peke yake, na kuirudisha programu kibaoni.